Uzi wa ekinasea: tunaziua kwa kuzihudumia kupita kiasi

Mchimba Tuta

Wakuu, salaam.

Kila mwezi humu haikosi mtu wa kulalamika kwamba ekinasea zake zimekufa, na karibu wote wanaanza kwa maneno yaleyale: "nilimwagilia kila siku, samadi niliweka ya kutosha." Leo nimeamua kulisema lililo moyoni. Ua hili nalipenda, na inaniuma kusikia linaitwa gumu. Tunaliua sisi wenyewe kwa kulilea kama mchicha.

Mwaka wangu wa pili na maua haya niliukuta mmea mmoja umenyauka ilhali udongo wake umelowa. Nikaushika, ukatoka bila kushindana. Pale shina linapokutana na mizizi palikuwa pamegeuka kahawia na kulainika. Nilipopabonyeza kwa kidole gumba yalichuruzika maji, na harufu yake ilikuwa ya majani yaliyosahaulika ndani ya ndoo. Mizizi ya chini zaidi ilikuwa bado myeupe na migumu. Nilikaa chini nikaitazama kwa muda mrefu. Mmea haukufa kwa kiu wala kwa ugonjwa, ulioza kitakoni. Niliupanda chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye chungu, kama vidole viwili hivi, nikarundika matandazo mpaka shingoni, kisha nikaumwagilia kila jioni.

Tangu siku hiyo nafuata jambo moja kabla ya mengine yote: kitako cha mmea kikae usawa wa udongo, na matandazo yaanzie upana wa kiganja kutoka kwenye shina. Nikikosea kipimo, bora kitako kiinuke kidogo kuliko kuzama.

Kumbukeni mmea huu umetoka wapi. Jenasi yote ya Echinacea ni ya Amerika Kaskazini, kwenye mbuga za nyasi na misitu iliyo wazi ya mashariki na katikati ya bara hilo. Huko hakuna anayeuletea samadi. Unabanwa na mizizi ya nyasi pande zote, unapigwa na jua, na mvua ikikatika unavumilia. Kuna spishi moja, Echinacea tennesseensis, ambayo makazi yake ni vijiwanja vya mawe ya chokaa katika jimbo la Tennessee, mahali ambapo udongo ni tabaka jembamba tu juu ya mwamba. Serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka mwaka 1979, ikaja kuiondoa mwaka 2011 baada ya makazi yake kulindwa. Mmea wa ukoo huo ukiushindilia mbolea ya naitrojeni, unarefuka haraka, shina linakuwa laini, na mvua ya kwanza yenye upepo inaulaza chini na maua yake.

Wengi tunayo Echinacea purpurea au machotara yake. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, inavumilia makosa kuliko ndugu zake. Huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 120, na mche hadi mche nawaachia sentimita 45 mpaka 60. Nafasi hiyo huonekana kubwa mno mwaka wa kwanza, najua. Iacheni hivyohivyo, kwa sababu majani yakibanana hewa haipiti, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani, unapata mahali pa kukaa. Jua la moja kwa moja lifike saa 6 kwa siku au zaidi.

Karibuni tuelezane. Mwenye picha aweke, mwenye swali aulize.

Shangazi Waridi

Mkuu, ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi nimekwama hatua ya mwanzo kabisa. Nimesia mbegu mara mbili kwenye trei, mara ya kwanza zimeota tatu kati ya arobaini, mara ya pili hata moja. Nimezifukia vizuri na udongo nimeuweka unyevu. Kosa liko wapi?

Mchimba Tuta

Shangazi, hapo kwenye "nimezifukia vizuri" ndipo pa kuanzia. Mbegu hizi huota vizuri zaidi zikipata mwanga. Zibonyeze tu juu ya udongo ulio laini, kisha unyunyizie vumbi la udongo jembamba kiasi cha kuzishika zisihame. Ukishindwa kuziona kabisa, umefukia kupita kiasi.

La pili ni baridi. Huko kwao mbegu hudondoka, hupitiwa na majira ya baridi zikiwa kwenye udongo wenye unyevu, ndipo huamka. Wewe utaiga hali hiyo kwa friji. Chukua mchanga safi, ulowanishe mpaka ukiukamata haudondoshi maji, changanya na mbegu, tia kwenye mfuko, andika tarehe, weka kwenye friji penye nyuzi 4 hivi. Purpurea ipe siku 30. Ndugu zake, pallida na angustifolia, zinataka siku 60 hadi 90. Ukizitoa, zisie mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 24, na kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 20 zinakuwa zimechomoza. Purpurea nyingine huota hata bila friji, ndiyo maana ulipata zile tatu, lakini ukizipitisha kwenye baridi zinaota nyingi na kwa pamoja.

Na usiuache udongo ukauke juu siku hizo za kuota. Huu ndio wakati pekee ambao mmea huu unahitaji kudekezwa.

Kijana wa Mboji

Naheshimu uzoefu wa mleta uzi ila hapa kwenye mbolea naomba tusiwapotoshe wageni. Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Ningeziacha bila kuweka chochote zingekufa zote. Niliweka mboji nyingi, na sasa ni mwaka wa nne zimesimama vizuri.

Mchimba Tuta

Kijana, tupo pamoja kuliko unavyodhani. Mboji kwenye mfinyanzi inafanya kazi ya kuufungua udongo, maji yapite na mizizi ipumue. Iliyookoa mimea yako ni hiyo hewa. Ninachokataa ni mbolea ya kukuzia inayomwagwa kila wiki mbili. Nina swali: baada ya kupanda, uliongeza mboji tena mara ngapi?

Kijana wa Mboji

Mwanzo wa msimu naweka tabaka jembamba juu, basi. Mbolea ya dukani sijawahi kuweka kwenye tuta hilo. Na tuta lenyewe nililiinua kama shubiri moja juu ya usawa wa bustani.

Mchimba Tuta

Hapo kwenye kuliinua tuta ndipo hasa. Wenye mfinyanzi someni hiyo mara mbili. Maji yakituama kitakoni wakati mmea umelala kwa baridi, unakufa bila dalili. Unasubiri machipukizi, siku zinaenda, ukichimba unakuta uji.

Jicho la Kipepeo

Mimi nimekuja na jambo la rangi. Nilinunua machotara matatu, la rangi ya chungwa, la manjano na jekundu kama kaa la moto. Yalikuwa yamejaa maua tayari. Mwaka uliofuata likarudi moja, tena dhaifu. Muuzaji alinihakikishia ni mimea ya kudumu. Purpurea ya kawaida niliyopewa na jirani iko palepale, inaongezeka. Kwa nini?

Bibi Machipukizi

Mwanangu, hilo limewapata wengi. Hizo rangi za manjano na chungwa zimetokana na kuzalisha purpurea na ndugu yake wa manjano, Echinacea paradoxa, anayepatikana milima ya Ozark huko Marekani. Yako machotara yenye nguvu na yako dhaifu. Ila kinachoyamaliza mengi ni kuyaacha yachanue mwaka wa kwanza. Mmea mchanga una akiba ndogo. Ukiitumia yote kwenye maua, unaingia kwenye baridi bila kitako cha kuuamsha.

Mimi nikileta chotara nyumbani, maua yote nayakata siku hiyohiyo, nayatia kwenye chombo cha maji mezani. Tumba zinazofuata nazifinya zikiwa bado kama kifungo cha shati. Msimu mzima wa kwanza ni wa majani na mizizi tu. Inauma, maana ulilinunua kwa ajili ya ile rangi. Lakini mwaka wa pili unakuta vichipukizi vitano, sita, pale palipokuwa na kimoja.

Na ulipande mapema, si mwishoni mwa msimu. Mizizi ipate miezi kadhaa kabla ya baridi.

Jicho la Kipepeo

Asante bibi. Hili la kukata maua sikuwahi kuambiwa na yeyote. Nikisia mbegu za lile lililobaki nitapata rangi ileile?

Bibi Machipukizi

Hapana. Mbegu ya chotara hairudishi mama yake. Ukitaka rangi mchanganyiko kwa mbegu, tafuta zilizotengenezwa kwa njia hiyo, kama Cheyenne Spirit, iliyopata tuzo ya All-America Selections mwaka 2013. Hiyo huweza hata kuchanua mwaka uleule wa kusia. Ukitaka ya zambarau imara, Magnus haijaniangusha. Ilichaguliwa kuwa mmea wa kudumu wa mwaka 1998 huko Marekani, na petali zake zimenyooka kwa pembeni badala ya kuning'inia.

Jicho la Kipepeo

Ngoja niwape na mimi kitu kidogo. Asubuhi ya leo nilikaa na ua moja karibu nusu saa. Zile tunazoziita petali ni maua ya pembeni yasiyotoa mbegu, kazi yake ni kuita. Maua yenyewe yako kwenye koni ya katikati, mamia, madogomadogo, kila moja limekaa kando ya mwiba wake wenye ncha ya chungwa. Hayafunguki yote kwa pamoja. Yanaanza ukingoni, pete ya chini kabisa, kesho pete inayofuata, hivyo hivyo kupanda kileleni. Pete iliyo wazi unaijua kwa chavua yake ya manjano. Nyuki alitua akazunguka pete hiyo tu, hakugusa juu wala chini, akamaliza duara akaruka. Kipepeo naye akaja akafanya vilevile ila polepole. Kwa hiyo ua moja linawalisha kwa siku nyingi.

Ndiyo maana siku hizi sinunui yale yaliyojaa kama pamba, yale ambayo koni imegeuzwa kuwa petali tupu. Ni mazuri, sikatai, lakini nyuki anatua, anatafuta, anaondoka.

Mwalimu wa Kitalu

Hili la ncha za miiba ndilo lililozaa jina. Kigiriki "echinos" ni kalunguyeye, pia yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Conrad Moench, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, ndiye aliyeipa jenasi hii jina hilo mwaka 1794. Kabla yake Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alikuwa ameliweka ua hili kwenye jenasi nyingine, Rudbeckia, na mpaka leo watu huyachanganya hayo mawili. Papasa koni: ya ekinasea inachoma, ya Rudbeckia haichomi.

Tumaini K

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Maua yangu mawili yameota kitu cha ajabu. Juu ya koni yametoka mafungu ya vijani vya kijani, kama kuna ua dogo linataka kuota juu ya ua. Petali nyingine ni fupi na zimekunjamana. Nimesoma mahali kwamba ni ugonjwa usio na tiba na ning'oe vyote. Nina mimea kumi na moja niliyoikuza kwa mbegu. Nimeshika jembe mkononi.

Mchimba Tuta

Tumaini, weka jembe chini kwanza. Kuna mambo mawili yanayofanana sana, na moja tu ndilo la kung'oa. Nijibu haya: majani ya chini yana rangi gani? Mmea umedumaa? Petali zenye shida zimebaki na rangi ya waridi au zimekuwa kijani?

Tumaini K

Mmea wa kwanza: majani ni kijani kizito kama mengine, urefu wa kawaida, na ua moja tu ndilo lenye shida, mengine matano ni mazima. Petali zake ni za waridi ila fupi.

Mmea wa pili: umebaki mfupi kuliko wenzake. Majani yamepauka, mishipa ni kijani lakini katikati ya mishipa ni njano. Maua yote matatu ni ya kijani, petali na zote. Kwenye koni vimetoka vijiti vyenye vijani mwishoni.

Mchimba Tuta

Umeeleza vizuri mno, karibu naiona.

Wa kwanza dalili zake ni za utitiri wa ekinasea. Ni vidudu vidogo usivyoweza kuviona kwa macho, vinaishi ndani ya tumba na kufyonza chini ya vile viua vya koni. Madhara yanabaki kwenye ua. Kata ua hilo pamoja na kipande cha shina, funga kwenye mfuko, tupa. Usiliache chini wala usilitie kwenye mboji. Mmea wenyewe utaendelea.

Wa pili, pole sana, huo una ugonjwa wa mimea uitwao manjano ya asta (aster yellows). Inaletwa na fitoplasma, kijidudu jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, kinachoishi kwenye mirija ya utomvu. Anayekibeba ni mdudu mdogo mrukaji anayefyonza majani. Akifyonza mmea mgonjwa, baada ya wiki mbili tatu hivi anaanza kuambukiza kila anapofyonza. Tiba haipo. Kukata maua hakusaidii kwa sababu kimo mwili mzima wa mmea. Ung'oe na mizizi yake, leo. Ugonjwa huu hauenei kwa mbegu wala udongo, kwa hiyo pale ulipoung'oa unaweza kupanda tena. Palilia magugu yanayozunguka, maana ugonjwa huu unashika zaidi ya aina 300 za mimea, hata karoti na saladi, na magugu huuhifadhi.

Yale tisa mengine yaache. Yakague kila siku kadhaa.

Tumaini K

Nimefanya. Ule wa pili ulikuwa wa kwanza kuota kwenye trei yangu, nilikuwa nimeuwekea kijiti cha alama. Asanteni.

Bibi Machipukizi

Pole mwanangu. Kile kijiti kiweke kwa mwingine.

Dirisha la Mashariki

Mimi niko karibu na Ikweta. Nina purpurea za miaka miwili, majani yamejaa, afya tele, ila maua ni machache na yanakuja kwa kusitasita. Sijaweka mbolea. Maji nawapa kwa kiasi. Jua lipo tele.

Mwalimu wa Kitalu

Kwako tatizo ni urefu wa mchana. Purpurea husoma mchana na usiku kabla ya kuamua kuchanua, na huchanua vizuri zaidi mchana ukiwa na urefu wa saa 14 hivi. Huko kwao ndivyo unavyokuwa majira ya joto yakianza. Karibu na Ikweta mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo mmea unaona kama wakati haujafika. Wanaokuza kwenye nyumba za vioo huongeza mwanga wa taa. Kama zipo chache na ziko karibu na nyumba, wawashie taa jioni kwa saa mbili au tatu baada ya jua kuzama, kila siku kwa wiki kadhaa. Taa ya kawaida inatosha, hauhitaji kuwa mwanga mkali kama wa kukuzia. Kuziweka zile za kwenye vyungu mahali penye baridi kwa wiki kadhaa kabla ya hapo nako kunasaidia.

Dirisha la Mashariki

Miaka miwili nimekuwa nikihisi kuna kitu nawanyima. Leo hii jioni naanza na taa.

Shangazi Waridi

Swali lingine. Maua yakikauka nikate au niache? Huku nasoma kata ili yatoke mengine, kule nasoma acha kwa ajili ya ndege.

Mchimba Tuta

Yote mawili, kwa zamu. Msimu ukiwa mbichi kata, shuka na shina mpaka kwenye jani lenye tumba changa kwapani, ukate juu yake. Maua yataendelea kwa wiki kadhaa zaidi. Msimu ukielekea ukingoni acha mkasi. Koni zitakuwa nyeusi na ngumu, na chiriku na ndege wengine wala mbegu watakuja kuzining'inia. Mimi naacha zote zilizo safi. Zenye dalili ya utitiri kama ile ya Tumaini sibakishi hata moja, kwa sababu koni kuukuu huenda zikawatunza mpaka msimu ujao.

Ukitaka mbegu zako, subiri koni ikauke kabisa na shina chini yake liwe kahawia. Vaa glovu, miiba ile inaingia kwenye vidole. Mbegu nzima ni nyeupe yenye utepe wa kahawia juu, ina pembe nne, na ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Ikibonyea ni ganda tupu.

Kijana wa Mboji

Na kuzigawa? Zangu zimekuwa shada kubwa, katikati pamepwaya.

Bibi Machipukizi

Mwaka wa nne ni wakati wake. Subiri machipukizi yatokeze kidogo mwanzo wa msimu, chimbua shada lote, kata kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na vichipukizi viwili au vitatu na mizizi yake. Purpurea ina mizizi ya nyuzinyuzi, inakubali. Pallida na angustifolia usizichimbue kabisa, zina mzizi mkuu unaoshuka mbali, ukiukata umeua. Na hata purpurea usiizoeze. Mmea huu haupendi kuguswaguswa.

Shangazi Waridi

Narudi na mrejesho, ni wiki ya saba tangu niweke mbegu kwenye friji. Safari hii nilisia arobaini, nikazinyunyizia udongo kidogo tu, zimeota thelathini na moja. Vijani viwili vya kwanza ni laini na vya mviringo. Leo jani la tatu limefunguka kwenye miche minne, lina vinyweleo, ukilipapasa linakwaruza kama ulimi wa paka. Ndilo lenyewe?

Mchimba Tuta

Ndilo lenyewe, Shangazi. Zikifika majani manne hamishia kila mmoja kwenye chungu chake. Na kitako usikizamishe.